Kiganja Juu ya Utando: Maisha ya Lynnette Mweri wa Bofu

Ndugu waombolezaji, mimi ni Lenox, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu Lynnette Mweri, bila kuruka lile ambalo wengi wenu mmelisikia nusunusu.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1986 huko Bofu, Likoni, akasoma papo hapo hadi kidato cha nne, kisha akapata stashahada ya kemia mwaka 2008. Mwaka uliofuata aliajiriwa Changamwe, katika kiwanda cha kusafisha maji machafu ya meli, na tarehe 5 Mei 2012 akafunga ndoa na shemeji yetu Kimani, wakajaliwa binti mmoja, Carolyne.

Mwezi Februari 2023 alikabidhiwa utando wa grafini, kaboni nyembamba kupita ngozi ya kitunguu, unaopitisha maji na kuzuia mafuta. Maji ya tangi la tatu yalipopita, mafuta yaliyobaki juu ya utando yalijikusanya yakawa alama ya kiganja cha mwanamume, kidole cha kati kimekatika. Alibadilisha utando mara tatu, na mara tatu kiganja kikarudi. Ndipo akamkumbuka Stambuli, mchomeleaji aliyepoteza kidole kile kazini, ambaye wakubwa walisema ametorokea Arabuni.

"Mafuta hayana vidole, Mweri," msimamizi alimwambia.

"Basi kausheni tangi nione," akajibu, akakaa juu ya pampu kutwa nzima hadi wakakubali.

Stambuli alikuwa chini humo, maiti ya miezi mitano. Mama yake, Bi Johari wa Mishomoroni, alimshika dada mikono akasema, "Mwanangu, wallahi umenipa kaburi la kulilia."

Alama haikuonekana tena hadi Januari mwaka huu, dada aliponiita kazini nikaiona kwa macho yangu, safari hii kiganja chembamba cha kike. Aliweka chake juu yake, kikaenea sawasawa, akaniambia, "Usimwambie Mama." Sikumwambia, hadi leo.

Mwezi Machi alianza kuugua ini, akalazwa mara mbili, na tarehe 6 Juni 2025, saa nne asubuhi, akatutoka, mumewe na bintiye wakiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Bofu waliotupikia siku zote hizi, na wafanyakazi wenzake waliozima mitambo ili waje kumzika.

Mama, nisamehe. Dada, Mungu akulaze pema.