Sigara Tano za Babu Mtarajiwa

Benchi lile lina miguu mitatu na matofali mawili, na halijawahi kumwangusha mtu ila yule anayebisha sana. Liko kwenye kona, kati ya kibanda cha fundi viatu na duka la kutengeneza friji, na kila asubuhi Dada Birika humimina hapo kahawa huku akisikiliza uongo wa bure. Siku hiyo Kisigino, fundi viatu mwenyewe, hakuwa amegusa hata sindano. Binti yake wa pekee, aliyekaa kwenye ndoa miaka saba bila mtoto, alikuwa wodi ya wazazi tangu alfajiri. Mkewe alikuwa huko huko, na Kisigino ameachiwa amri moja tu: kaa na simu, tutakupigia. Basi kwenye goti hili akaweka simu, na kwenye goti lile sigara tano nene, zile za majani matupu ya tumbaku, alizopewa na kaka yake, mpishi wa melini. "Hizi uzigawe siku utakayoitwa babu," kaka alimwambia mwaka jana.

Alipokunjua gazeti alilozifungia, moja ikapasuka ganda kwa mlio.

— Jamani, zimekauka! akamaka. Mjukuu yuko njiani na zawadi zimekuwa kuni!

— Kwani ulizihifadhije? akauliza Baridi, fundi friji.

— Vizuri tu! Kwenye droo, na kila Ijumaa nazianika juani. Ngozi ikikaa na unyevu si inaota ukungu?

— Hii ni ngozi? Hii ni tumbaku, we bwana! Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe unaficha vitu kwenye droo! Lete nizitie kwenye friji.

— Friji inakausha, akasema Dada Birika. Acha mkate wazi humo usiku mmoja uone.

Baridi akaumia kwa niaba ya friji zake zote.

— Kumbe! akadakia Kumbe, karani mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila akisema jambo asilolijua huanza na neno hilo. Kumbe zina kiu tu! Tuzichovye kwenye kahawa. Maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo tuyamwage mapema!

— Gusa birika langu uone!

— Matajiri wana kisanduku cha mbao cha kuzihifadhia, akasema Baridi. Kwa bei yake unapata friji.

Dada Birika aliwahi kufua mashuka hotelini, na huko alijifunza jinsi wageni wanavyotunza sigara kama hizi. Akatoa kopo la plastiki la chakula, safi, lenye mfuniko unaobana. Akakata kipande cha sponji mpya, akakilowesha na kukikamua mpaka kisidondoshe, akakiweka kwenye kizibo cha soda. Kizibo cha pili akakitia chumvi na matone machache ya maji, kisha akaviweka vyote viwili koponi pamoja na sigara.

— Chumvi? Tunazipika?

— Inazuia unyevu usizidi. Zikikauka zinapasuka, zikilowa zinaoza. Funika, weka kivulini, mbali na gundi yako ya viatu. Ila zinataka siku kadhaa, siyo dakika.

— Siku? Kisigino akaruka. Mtoto hangoji sponji!

Dada Birika akavuka barabara kupeleka vikombe, na hapo ndipo akili iliyokuwepo benchini ikaondoka naye.

— Kumbe adui tunaye wenyewe! akapaza Kumbe. Simu! Ukiongea nayo sana, sikio linapata moto au halipati?

— Linapata.

— Na moto unafanya nini kwenye unyevu?

— Unakausha, akakiri Baridi, na kwa vile yeye ni mtu wa umeme, ikawa imethibitishwa.

— Sasa piga hesabu: simu tatu, kopo moja! Mawimbi yote yanapita humo! Zimeni! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

— Lakini nasubiri kupigiwa...

— Dakika tano tu, zinywe zishibe!

Kisigino akasita. Akaiona aibu ya kuwagawia wakwe kuni mbele ya kaka yake. Akazima, na wenzake wakazima. Wakainamia kopo vichwa vitatu, na dakika tano zikazaa nyingine nyingi.

— Naona hii imenenepa!

— Ile ya kati inang'aa! Wallahi inang'aa!

Shemeji yake Kisigino, mdogo wa mkewe, akatokea mbio, ndala iliyokatika mkononi.

— Shemeji! Hivi simu zenu zote zimezimwa kwa nini?

Kisigino akamtazama Baridi. Baridi akamtazama Kumbe. Kumbe akalitazama kopo.

— Saa nzima tunapiga! Kajifungua salama, mtoto wa kike! Mwanao anapiga mwenyewe, anataka usikie mtoto anavyolia!

Kisigino akaiwasha simu. Ikaita kabla hajaiweka sikioni.

— Baba? Ulikuwa wapi?

— Hapa, mwanangu. Nilikuwa hapa hapa.

Kisha kikasikika kilio, chembamba, chenye hasira, mpaka benchi zima likakisikia.

— Umemsikia? Mjukuu wako anakugombeza, babu.

Babu! Kisigino akafunua kopo ili agawe, na machozi yakaanza kudondoka humo humo, juu ya sponji, juu ya chumvi, juu ya sigara zote tano.

— Inamia kando, mzee, akanong'ona Baridi, naye akijifuta pua. Unyevu unazidi.