Washukie Cortona au Orvieto

Treni ilishaiacha Arezzo, na Fausto na mkewe Loredana walikuwa bado wanabishana washukie mji gani kwa matembezi yao ya Jumapili. Nives, bibi wa miaka sabini aliyeketi mbele yao, alijifanya anasoma gazeti.

"Twende Orvieto, mke wangu," Fausto alisema. "Kanisa lake halina mfano, na ile divai yake nyeupe unaijua."

"Divai, au Mirella muuza divai?"

"Jamani! Miaka thelathini imepita, bado Mirella tu?"

"Mwaka jana ulikwenda kutazama kanisa, ukarudi umenyolewa ndevu. Kanisa ndilo lililokunyoa?"

Nives aliuma mdomo asicheke.

"Haya basi, yaishe," Fausto akasema. "Tushuke hapa mbele, tupande mlimani Cortona."

Loredana alimkazia macho. "Mbona umekubali upesi hivyo? Cortona nako kuna nani?"

Treni ikapunguza mwendo, ikasimama Camucia, kituo cha watu wa Cortona. Loredana alisimama na mkoba wake. Fausto alibaki kitini, mikono kichwani. Nives alikuwa anashukia hapohapo, kwa hiyo alipita katikati yao bila hata kuomba radhi. Aliwaonea wivu. Tangu mumewe Ubaldo afariki, miaka sita sasa, alikuwa akipanda treni kila Jumapili, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anakwenda kumwona nani.