Trei ya Mayai

Katika Noah ya abiria kutoka Mhunze kwenda Shinyanga, Rhoda alijifanya anatazama mashamba ya pamba, lakini masikio yalikuwa kiti cha mbele. Hapo Mama Mwigulu, mnene wa kujaza kiti, alikuwa amepakata trei ya mayai, akimwambia nesi aliyekaa pembeni yake kwamba kliniki wamemtaka apungue.

"Nimeacha maziwa, nimeacha maharage. Nashindia michembe ya viazi vikavu na uji."

"Ndiyo maana miguu inakutetemeka, mama. Misuli imekwisha, mafuta yamebaki. Punguza hiyo michembe, ule mayai."

"Mayai ni ya mnadani. Tangu niolewe sijala yai la kuku wangu."

"Na mtindi? Si una ng'ombe?"

"Wewe binti, ng'ombe ni mahari ya wanangu, maziwa ni ya wajukuu. Unanitakia nini?"

"Nakutakia usimame, mama."

Rhoda, ambaye kwake pia mayai huuzwa yote, akarudisha macho kwenye mashamba ya pamba.

Noah ilisimama stendi. Mama Mwigulu akainuka, akarudi kitini. Akajaribu tena, akarudi. Kisha, bila kumtazama nesi, akamsogezea trei.

"Nishikie."