Alama Nyekundu kwenye Skrubu za Mzee Baldev

Wasikilizaji wapendwa, kaeni karibu na redio. Leo sifungui kwa muziki. Leo namkumbuka Mzee Baldev, Kalasinga wa Kisumu, mkazi wa Northfield hapa Birmingham, fundi wa mitambo na mpiga shabaha. Alifariki tarehe tisa Machi mwaka huu kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka sabini na mitano.

Mzee Baldev hakudanganya. Nalisema mapema na nitalirudia, kwa sababu wapo waliosema alidanganya, na mpaka asubuhi ya leo hawajafuta neno hilo. Nimechefuka, wasikilizaji. Nitajitahidi kusema kwa adabu.

Alizaliwa Kisumu. Baba yake alikuwa fundi katika karakana ya reli, na huko Baldev alijifunza jambo moja dogo ambalo hakuliacha maisha yake yote. Fundi akishakaza nati, anachora mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikilegea, au mtu akiifungua, mstari unakatika. Hata ukiirudisha vizuri namna gani, rangi iliyopasuka haiungi tena. Kumbukeni mstari huo. Tutaurudia.

Alifika Birmingham akiwa na miaka ishirini na mmoja. Akaingia kiwanda cha magari, akakaa humo miaka thelathini na miwili. Alipostaafu, mkewe Jasvir alidhani sasa atapumzika. Badala yake mzee akajiunga na klabu ya shabaha huko Great Barr, akanunua bunduki ndogo ya mitumba ya kulengea shabaha. Klabu hiyo siitaji jina. Wenyewe wanajijua.

Kila Jumanne alipelekwa na rafiki yake Dubow, Msomali wa Garissa, dereva wa teksi. Mwanzoni Dubow alikuwa akingoja ndani ya gari. Majira ya baridi yalipobana akaingia kujipasha moto, na mwaka uliofuata naye akawa na kibali na bunduki yake. Walitaniana kama watoto. Wanachama wengine wote huvaa vikinga masikio vikubwa kama bakuli. Mzee, kwa sababu ya kilemba, alitumia vile vidogo vya kuziba ndani ya sikio, na Dubow hakuchoka kumwambia, "Kalasinga, wewe hata vya nini? Kwa kitambaa hicho bomu likilipuka utauliza nani kabisha hodi." Mzee naye alimjibu kwamba Msomali haambiwi alale chini kwenye mkeka wa kulengea shabaha, maana akilala hataamka mpaka chai iletwe.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kwenye kesi. Klabu ina mashindano ya bunduki za kiwandani. Maana yake bunduki iwe vilevile ilivyotoka kiwandani. Huruhusiwi kubadilisha mtutu. Huruhusiwi kugusa mtambo wa kifyatulio, kile kichuma unachovuta kwa kidole. Huruhusiwi kuchonga mbao. Unaruhusiwa kuchagua risasi, kukaza skrubu, kurekebisha vilengeo na mkanda, na kujifunza kulala vizuri unapolenga. Basi.

Wengine huona hayo machache. Mzee Baldev aliona ni kazi ya miaka minne.

Alinunua risasi za aina tisa, boksi moja moja. Hata za kampuni moja alizitenganisha kwa namba za boksi, kwa sababu zilizotengenezwa siku tofauti hazipigi sawa. Kila boksi alilipigia kadi tano za shabaha, akapima kwa rula matundu yalivyokaribiana na kuandika daftarini. Aina ya bei ghali kuliko zote ikashindwa. Dubow alimwambia ajaribu tena, pengine siku hiyo mkono ulikuwa mzito. Mzee akamjibu, "Nimeiuliza mara tano. Haitaki." Akachagua za bei ya kati, akanunua zote za namba ile zilizobaki dukani.

Kisha akaingia kwenye skrubu. Skrubu mbili tu ndizo zinazoshika chuma cha bunduki kwenye mbao zake. Zikilegea, chuma kinacheza. Zikikazwa mno, kinapinda kidogo, na risasi inaenda kando. Alikuwa na spana inayopima nguvu ya kukaza. Aliongeza kidogo, akapiga kadi tano, akaandika. Akaongeza kidogo tena. Hakubadilisha vitu viwili siku moja. Nilimuuliza kwa nini anajitesa hivyo, akasema, "Ukibadilisha viwili, kadi ikapendeza, utamshukuru nani?"

Na mwili wake je? Anti Jasvir ananiambia kila asubuhi kabla ya chai mzee alilala kifudifudi sebuleni, ganda tupu la risasi likiwa ndani ya bunduki, akalenga doa la kalamu ukutani. Anavuta pumzi, anaitoa nusu, anavuta kifyatulio, anabaki kimya akitazama kama doa limetikisika. Mara hamsini. "Miaka minne ameupiga risasi ukuta wangu," anasema Anti Jasvir, "na ukuta haukufa."

Septemba ya mwaka juzi alipata kipimo alichokitaka. Akakaza skrubu zote mbili kwa mara ya mwisho. Halafu, kama alivyofundishwa na baba yake, akataka kuchora mistari. Rangi hakuwa nayo. Akaingia chumbani, akachukua chupa ya rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu, iliyonunuliwa kwa harusi ya mpwa wao. Akachora mistari miwili myembamba. Anti Jasvir alimgombeza. Chupa ilikuwa haijafunguliwa bado.

Novemba ya mwaka juzi yakaja mashindano. Kadi nne, kila kadi pointi mia. Mzee Baldev akapata pointi mia tatu tisini na tisa kati ya mia nne. Nasema tena: mia tatu tisini na tisa kati ya mia nne, kwa bunduki ya kiwandani, ya mitumba. Wa pili alikuwa mwenyekiti wa klabu, bwana mmoja aitwaye Derrick, aliyekuwa ameshinda miaka sita mfululizo. Alipata mia tatu tisini na mbili.

Derrick akaomba bunduki ya mshindi ibaki klabuni wiki moja ikaguliwe. Mzee akaikabidhi. Baada ya wiki alirudishiwa bunduki, na siku chache baadaye ikafika barua. Barua ilisema kamati imeifungua bunduki, imekuta springi ya kifyatulio imekatwa ikawa fupi ili kivutike kwa wepesi, na kwa hiyo ushindi umefutwa. Ilisomwa kwa sauti mbele ya wanachama siku ya Jumanne. Dubow alikuwepo. Anasema mzee alisimama na kilemba chake, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaitoa bunduki yake kwenye mfuko, akaitazama chini ya taa.

Ili uione springi ya kifyatulio, lazima ufungue skrubu zote mbili. Hakuna njia nyingine. Na mistari ya rangi ya kucha ilikuwa mizima, yote miwili.

Mnaelewa, wasikilizaji? Hawakuifungua. Waliandika kwamba wameifungua, wakaeleza na walichokiona ndani, na hawakuifungua.

Mzee akamwonyesha Derrick mistari ile. Derrick alicheka. Akasema klabu haiendeshwi kwa vipodozi vya wanawake, na suala limefungwa.

Nani kati yenu hangetapika?

Dubow alimsihi aipeleke kwa fundi wa bunduki mjini, ifunguliwe, yaishe. Mzee alikataa. "Warya, rafiki yangu, fundi nikimlipa mimi, watasema ni fundi wangu. Wafungue wao, kwa mikono yao, mbele ya watu walewale walionisomea barua." Akaandika barua tatu kuomba hilo. Hakujibiwa hata moja.

Na tazameni alivyofungika. Majira ya baridi mbao hubadilika, na skrubu hutaka kukazwa upya. Fundi yeyote angezigusa. Lakini akizigusa, mistari inakatika, na mistari ndiyo shahidi wake pekee. Akaziacha. Jumanne baada ya Jumanne alilala kwenye mkeka akipiga mazoezi kwa bunduki aliyojua haiko sawa. Tisini na saba. Tisini na sita. Na wale wakanong'onezana kwamba eti mnaona, amerudisha springi nzima, sasa hapigi kitu. Walizitumia kadi zake mbaya kuwa ushahidi, na alizipiga mbaya kwa sababu alikuwa akiulinda ukweli. Mwaka mzima na zaidi. Kuna watu wakavuta mikeka yao mbali na wake.

Machi tarehe tisa akafariki. Jina lake lilikuwa bado chafu.

Wiki mbili baada ya mazishi klabu ilimwandikia Anti Jasvir barua ya rambirambi. Aya ya kwanza ilisema wamempoteza muungwana. Aya ya pili iliuliza kama anauza ile bunduki, kwa kuwa ingewafaa wanachama wapya. Ndiyo. Bunduki ya mdanganyifu, wanaitaka wafundishie watu.

Kwa sheria, mwenye kibali akifa bunduki hukabidhiwa muuzaji aliyesajiliwa. Anti Jasvir akaipeleka kwake pamoja na Dubow, akamjulisha Derrick kwamba akiitaka aje dukani. Derrick akaja, na wajumbe wawili wa kamati. Anti Jasvir akaweka barua ya kwanza mezani, ile ya springi, akamwambia muuzaji asome, kisha akasema, "Sasa fungua."

Muuzaji akatazama skrubu kwa kioo cha kukuzia. Akasema rangi hii ni nzima. Akaweka ufunguo, akazungusha, na Dubow anasema walisikia rangi ikipasuka. Springi ilikuwa nzima, urefu wa kiwandani, na nta ya kiwandani ilikuwa bado imeganda juu ya mtambo. Haijawahi kuguswa na mtu.

Derrick akasema pengine kulitokea mkanganyiko na bunduki nyingine. Kisha akasema klabu ingependa kuanzisha kikombe chenye jina la marehemu.

Anti Jasvir ni mtu mpole. Alimwambia, "Kikombe kaa nacho. Barua mliyomsomea, isomeni tena Jumanne, mseme ni ya uongo." Wakajibu kwamba kumbukumbu za vikao vilivyopita hazirekebishwi. Bunduki hawakuuziwa. Iko kwa Dubow, kwa kibali chake. Muuzaji alizikaza skrubu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye daftari la mzee, na Anti Jasvir akachora mistari miwili upya kwa mkono wake, kutoka chupa ileile.

Wasikilizaji wapendwa, mngependa niishie hapo, tumchukie Derrick, tulale. Lakini kuna mtu mwingine anayenichefua katika habari hii.

Desemba ya mwaka juzi, mwezi mmoja baada ya ile barua, Mzee Baldev alipiga simu hapa studio. Tulikuwa hewani. Alisema, "Zakariye, kijana wangu, nipe dakika mbili tu niwaambie watu." Nilikuwa nimeshasikia uvumi. Sikumuuliza chochote. Mimi najiita mshairi, nilijifunza mwenyewe, na najivuna nayo. Nikamjibu kwa ubeti nilioutunga papo hapo, watu wacheke:

*Kalasinga wa shabaha, bunduki yake ya siri,*
*risasi zaenda raha, springi fupi ni hodari.*

Mizani ilitimia. Vina vilikaa. Nikaweka muziki. Wengi wenu mlituma ujumbe wa kucheka, ninao mpaka leo. Mzee hakupiga tena simu hapa. Derrick alisema uongo mbele ya watu arobaini ukumbini. Mimi niliupeleka Northfield, Shard End, na kila jiko lenye redio.

Kwa Anti Jasvir na jamaa wote, poleni. Kwa Dubow, pole, umempoteza wa kutaniana naye. Na kwenu mliocheka pamoja nami, naomba leo mtafakari ni jina la nani mmelipitisha mdomoni bila kutazama skrubu.

Nilimwomba Anti Jasvir ruhusa ya kumtungia mzee shairi la kumwomba radhi. Alikataa. Akaniletea bahasha. Akasema, "Usimtungie. Msomee kadi zake. Alitaka dakika mbili."

Basi ninasoma. Mashindano ya bunduki za kiwandani, yadi ishirini na tano. Mpigaji, Baldev, wa Kisumu. Kadi ya kwanza, mia. Kadi ya pili, mia. Kadi ya tatu, tisini na tisa, pembeni ameandika kwa penseli, "kosa langu, nilipumua." Kadi ya nne, mia.

Bunduki: kama ilivyotoka kiwandani.