Waya wa Mjomba Simion

Habari hii aliisimulia kwanza mama mdogo Floarea, mdogo wake mama yangu, Jumatatu ya Pasaka mwaka 2014, tukiwa jikoni kwake tunamenya mayai mekundu. Amenisimulia tena mara mbili baada ya hapo, na sijamkuta akibadilisha kitu isipokuwa idadi ya vikombe. Jambo lenyewe lilitokea Alhamisi, tarehe 19 Julai 2012, kwenye benchi lililo mbele ya duka lake, pale njia ya bondeni inapokutana na ile ya kupanda kilima cha Obârșa. Msalaba wa mwaloni wa njiapanda ya juu ulikuwa umeoza, na kasisi alikuwa ametangaza kwamba gogo jipya lipandishwe Jumamosi. Tangu enzi za babu yangu, kila kizito cha kijiji kile kilipandishwa na farasi wa nyumba yetu: kengele, mawe ya kinu, majeneza ya majira ya theluji. Babu alipofariki, mjomba Gavrilă, aliye mkubwa, alirithi farasi. Mjomba Simion alirithi nyumba, maana kwetu nyumba ya wazazi hubaki kwa mtoto wa mwisho wa kiume. Sasa Jumatatu ya wiki ile Simion alikuwa amefunga winchi mbele ya pikipiki yake ya magurudumu manne, na Jumanne kasisi alionekana ameinama anaitazama.

Benchini walikuwa watatu. Mjomba Gavrilă waliyemwita Hatamu, kwa sababu hata kanisani mikono yake ilikaa kama imeshika hatamu. Toader aliyeitwa Redio, na sababu itaonekana. Wa tatu Nuțu, aliyefanya kazi karakana ya Brescia, Italia, miaka minne, akarudi na jina la mji. Mama mdogo alikuwa mlangoni na sufuria ya kahawa yenye mkono mrefu.

— Jamani, kasisi kaenda kwa Simion mara ya pili, alianza Redio. Kakaa robo saa nzima. Mimi nilikuwa napita tu.

— Ulikuwa unapita umekaa? aliuliza Brescia.

— Nilisimama kidogo nifunge kamba za viatu.

— Toader, umevaa buti za mpira, alisema mama mdogo, akammiminia.

Hatamu hakucheka.

— Akae hata mwezi. Kwani winchi ni nini? Ngoma ya chuma imezungushiwa waya. Marehemu baba alikuwa nayo kisimani, na hakuna kasisi aliyekuja kuiinamia.

— Ya kisimani haikuwa na rimoti, kaka, alisema mama mdogo.

— Ilikuwa na mkono. Mkono haumalizi betri.

— Hapo umesema, Brescia akadaka. Hiyo kitu inakunywa umeme vibaya sana. Ukiivutisha bila kuwasha injini, dakika tano betri imekufa, na wewe umebaki kilimani umenyoosha waya kama mtu anayeanika nguo. Mimi nimeona. Kule Brescia tulikuwa na moja kubwa kama ng'ombe. Siku moja tukaifunga kwenye mti tuutoe shambani. Mti ukagoma. Mashine nayo ikagoma. Unajua kilichosogea?

— Nini?

— Shamba.

Redio alifikiri kwanza.

— Inawezekana, alisema. Maana juzi Simion kaijaribu kwenye mplamu wake wa uani, na nawaambia ule mti sasa umeegemea kwangu. Zamani plamu zilikuwa zinadondoka kwake, mwaka huu zitadondoka kwangu. Mimi sijalalamika, nasema tu.

— Ule mti umeegemea kwako tangu nikiwa msichana, alisema mama mdogo.

— Sasa umeegemea kwa kukusudia.

Hatamu alikuwa anazungusha kikombe bila kunywa.

— Anatabasamu sana siku hizi, alisema. Mmemwona? Anapita pale anatabasamu, kofia kaiweka nyuma. Jana kaniambia, "Kaka, farasi wako wapumzike Jumamosi, wamezeeka." Wapumzike. Nani kamwomba?

— Yule farasi wako Murgu si anachechemea? aliuliza Brescia.

— Anachechemea akiwa hana kazi. Akiwa na mzigo anatembea kama bwana harusi.

Wote pale walijua kwamba Murgu alikuwa na miaka ishirini na mbili, na kwamba farasi mwenzake alikuwa akibaki nyuma tangu msimu wa kukata nyasi. Hakuna aliyelisema.

— Mimi naogopa kitu kingine, Redio akaokoa mazungumzo. Kesho ni sikukuu ya Mtakatifu Ilie. Anapita juu na gari lake la ngurumo. Nyie mnadhani Jumamosi atakuwa amefika mbali? Atageuka nyuma, ataona waya wa chuma umenyooshwa kilima kizima, na mwisho wake betri. Radi itashuka pale kama mgeni aliyeonyeshwa mlango.

— Halafu umeme wa radi utaingia kwenye betri, alisema Brescia, na winchi haitazimika tena. Itavuta gogo, itavuta msalaba wa zamani, itavuta na kanisa. Tutaamka kanisa liko kwa Simion uani, na yeye ndiye atakayekuwa anatufungulia lango.

— Na atatabasamu, alisema Redio.

— Lile lango baba alilichonga kwa mkono wake, alisema Hatamu polepole. Yeye kalipaka vanishi. Nyumba kapata yeye, sawa, ndiyo desturi, sikusema neno. Mimi nilipata kuvuta. Sasa kanunua boliti nne na sahani ya chuma, na hata kazi ya kuvuta anaichukua.

— Umejuaje kama ni boliti nne, kaka? aliuliza mama mdogo.

— Nimeona tu.

— Kutoka wapi? Zizi lako liko nyuma ya ghala.

— Juu ya ghala panaonekana vizuri.

Redio alimtazama kwa heshima ya mtu wa kazi moja. Hatamu alikuwa ameshafunguka, na hakuweza tena kujizuia.

— Boliti kakaza vizuri, siwezi kusema uongo. Waya mwekundu na mweusi kapitisha mbali na bomba la moshi, vizuri. Lakini hajui kamba yule. Hajawahi kujua, tangu tukiwa watoto mimi ndiye niliyefunga nyasi kwenye gari na yeye anakaa juu anaimba. Unajua kaizungushaje? Kabonyeza kitufe, waya ukajikunja wenyewe mtupu, hauna mzigo unaouvuta. Umelala kwenye ile ngoma kama utumbo wa nguruwe kwenye beseni.

— Ubaya wake? aliuliza Redio.

— Waya unazungushwa ukiwa umevutwa, mzunguko kando ya mzunguko, kama uzi kwenye kijiti. Ukilala ovyo, siku ya mzigo mzito ule wa juu unajichimbia katikati ya wa chini. Unabanwa. Unakwaruzika. Na kwenye mplamu kauzungusha waya wenyewe, kulabu kairudishia juu ya waya uleule, badala ya kuweka mkanda mpana kwenye mti. Pale pale ulipopinda ndipo utakapokatikia.

— Ukikatika? Redio alishusha sauti.

Brescia ndiye aliyejibu, na mama mdogo anasema ilikuwa mara yake ya kwanza kumsikia Brescia akisema kitu bila kukikuza.

— Unarudi. Kule karakanani ulirudi mmoja. Ulipita kwenye mlango wa bati.

Halafu, kwa kuwa kijiwe hakipendi kukaa kimya, Redio akaanza tena: basi Jumamosi wao wasimame upande wa juu, nyuma ya ule mwamba, pale wataona kila kitu na hakuna kitakachowafikia. Brescia akasema mwamba hautoshi watatu. Redio akasema yeye ni mwembamba. Wakaanza kugawana mwamba.

— Na wewe Hatamu utakaa wapi?

— Mimi nitakuwa na farasi wangu chini, alisema mjomba. Nitangoja. Wakinihitaji watanikuta.

Wakati huo alikuwa ametoka dukani mke wa kasisi, Ilinca, mwanamke wa miaka ishirini na sita, mgeni kutoka mjini, wiki ya tatu tu kijijini. Alikuwa ndani anachagua hamira, na dirisha lilikuwa wazi. Alisimama mbele ya benchi na pakiti yake mkononi.

— Habari za asubuhi, wazee. Samahanini, nilisikia. Na Simion mmemwambia?

Redio alitazama buti zake. Brescia alitazama kilima.

— Nauliza tu, alisema Ilinca, kwa sababu mume wangu naye atakuwa pale, na mimi siujui mwamba ni upi.

Mama mdogo aliinamisha sufuria juu ya kikombe cha kaka yake. Lilitoka tope tupu la kahawa.

— Imekwisha, alisema. Nenda, kaka.

— Niende wapi?

— Unajua wapi.

Alikwenda, lakini hakuharakisha. Kwanza alipita kwake, akamfunga Murgu kwenye gari tupu la nyasi, akapita nalo mbele ya duka bila kumtazama mtu, akasimama kwenye lango lililopakwa vanishi. Mama mdogo aliacha duka wazi akamfuata. Hivi ndivyo alivyowasikia.

— Simion. Toa waya wote.

— Kwa nini, kaka?

— Toa, ndiyo nitakwambia.

— Umekuja kuniharibia?

— Ningetaka kukuharibia ningebaki nimekaa benchini.

Simion alilegeza klachi ya ngoma, akashika kulabu, akatembea nayo mpaka barabarani, waya ukamfuata wote hadi ngoma ikabaki uchi. Gavrilă alivaa glavu za ngozi. Mizunguko mitano ya kwanza aliilaza yeye mwenyewe, kwa kuizungusha ngoma kwa mkono, kila mmoja umebanana na mwenzake, akiipigapiga kwa kipande cha mti.

— Hii mitano usiitoe, alisema. Hata ukikosa urefu, sogeza mashine. Mwisho wa waya umeshikwa na skrubu moja ndogo, haiwezi kubeba kitu. Kinachobeba ni hii mitano kujikaba yenyewe.

— Umeyajulia wapi haya?

— Kwenye gari la nyasi, wakati wewe unaimba.

Kisha alimfungua Murgu, akamfunga kwenye uzio, akatia kulabu kwenye gari, akapanda na kukaa kwenye ubao wa mbele. Alikaza breki nusu, magurudumu yazunguke kwa shida na waya uingie ukiwa umevutwa.

— Washa injini kwanza. Haya, bonyeza. Pole pole. Mikono mbali na ngoma.

Ndivyo mjomba Gavrilă, ambaye maisha yake yote alivuta wengine, alivyovutwa kwenye njia ya kijiji saa nne asubuhi, gari tupu likilalamika, mikono yake mbele imeshika hatamu zisizokuwepo, akisogea hatua kwa hatua kuelekea kwa mdogo wake na kwenye nyumba ya baba yao. Redio na Brescia walikuwa wamefika na vikombe vitupu mkononi. Alipofika langoni, Simion aliachia kitufe.

— Asante, kaka.

— Usinitabasamie, alisema mjomba.

Jumamosi farasi walilivuta gogo mpaka mguuni mwa kilima, na winchi ikalipandisha, ikiwa imefungwa kwenye mti mmoja mkubwa wa kule juu kwa mkanda mpana. Mjomba Gavrilă alivua koti lake la Jumapili, akalitandika juu ya waya ulionyooka, ili ukikatika uanguke chini usirudi. Haukukatika. Aliliokota koti, akalikung'uta, akasema farasi wangefika mapema zaidi. Wivu wake hakuuacha. Mwaka uliofuata alikataa kula keki kwa Simion siku ya Pasaka kwa sababu winchi ilikuwa imeoshwa.

Kumbukumbu nilizo nazo hadi leo ni hizi. Murgu alikufa Novemba mwaka uleule wa 2012. Mjomba Gavrilă alifariki tarehe 3 Machi 2017, na jeneza lake lilipandishwa Obârșa kwenye theluji na mdogo wake. Brescia alifariki 2019. Redio yupo hai, na hasikii vizuri, jambo ambalo halijampunguza. Mama mdogo Floarea yupo hai, ingawa duka limefungwa. Ilinca na mumewe wamehamishiwa parokia nyingine, na huandika kila Krismasi. Mjomba Simion yupo hai. Amebadilisha mashine mara mbili, winchi ni ileile. Waya ameubadilisha wote isipokuwa kipande cha mwisho kilicho ndani kabisa ya ngoma, alichounganisha kwa ukaidi, kinyume na kila maelekezo, ndiyo maana siku hizi havuti nayo kitu kizito kuliko kuni. Nilimuuliza sababu. Alisema kaka alimwambia ile mitano asiitoe.