Magari Yaliyopanda Kibosho

Arnold: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu alfajiri hii? Mbona kitu kinagonga—

Bibi Hedwiga: Mfuniko wa sufuria umeniponyoka. Ni mimi bibi yako, wa Kibosho. Nimechukua simu ya baba yako mdogo Reginald, mwenyewe bado amelala.

Arnold: Shikamoo, Bibi!

Bibi Hedwiga: Marahaba, baba. Krismasi umekula nini huko Arusha peke yako?

Arnold: Mama Kusum, mke wa bosi, aliniletea pilau ya mboga. Yeye ni Mhindu, lakini alisema mtoto wa watu asishinde na njaa siku ya sikukuu yake.

Bibi Hedwiga: Mungu amzidishie! Fungu lako la mbuzi tume... [mikwaruzo] ...kazi imekwisha?

Arnold: Imekwisha! Saa tatu namkabidhi bosi Vinod ripoti. Kazi yangu ya kwanza peke yangu, Bibi.

Bibi Hedwiga: Ile ya kuhesabu magari?

Arnold: Eeh. Anajenga hoteli, chini maduka, juu yake ofisi. Wote uwanja mmoja wa kuegesha. Wa ofisini wakitoka jioni, wageni wa hoteli wanaingia palepale. Mimi nakadiria yatajaa mangapi kwa wakati mmoja.

Bibi Hedwiga: Na hoteli haijajengwa?

Arnold: Nimehesabu kwenye majengo ya jirani, siku tatu, tangu mkesha wa Krismasi. Bosi alitaka siku za kawaida. Nikamwambia hapana, tupime sikukuu, mji unapofurika!

Bibi Hedwiga: Ukafurika?

Arnold: Wapi! Nafasi arobaini zinamtosha. Jana usiku nilimdokezea kwa simu, alivyofurahi! Nusu ya uwanja anaijenga maduka zaidi, kesho mafundi wanamwaga zege.

Bibi Hedwiga: Arobaini. Hapa kwenye migomba yangu yako kumi na saba.

Arnold: Kumi na saba nini?

Bibi Hedwiga: Magari, baba. Solomoni wa benki, lake. Fransiska wa duka la vitenge, lake. Manase na wanasheria wenzake, mawili. Kwa jirani usiseme, mpaka kwenye kahawa.

Arnold: Lakini hao si wanafanya kazi—

Bibi Hedwiga: Mtaa huohuo uliohesabu. Wamekuja nyumbani kula mtori wa ndizi wa Krismasi.

Arnold: [anapekua karatasi]

Bibi Hedwiga: Arnold? Mtandao umekata?

Arnold: Nipo. Bibi, kabla ya mwaka huu sijawahi kulala Arusha Krismasi hata moja. Kila mwaka niko huko kwako. Ningejuaje kwamba sisi tukipanda Kibosho mlimani, mji unabaki mtupu—

Bibi Hedwiga: Pole, baba.

Arnold: Nikisema, atanifukuza. Nikinyamaza, hakuna atakayejua mpaka hoteli ifunguliwe.

Bibi Hedwiga: Mke wake alikupikia.

Arnold: Najua, Bibi.

Bibi Hedwiga: Sijasema kitu. Nimesema tu alikupikia.

Arnold: Naenda sasa hivi, nimkute nyumbani. Zege lisimwagwe. Nitamwomba nihesabu upya Januari, watu wakisharudi.

Bibi Hedwiga: Hapo sawa. Ukimaliza uje, hata leo. Ningemtuma Reginald akufuate, ila gari lake limezibwa na la Solomoni, la Solomoni limezibwa na la Fransiska—

Arnold: Bibi, vocha ya watu itaisha!

Bibi Hedwiga: —na wote wanataka kutoka siku moja, saa moja! Wewe panda basi. Uje tena, Arnold, tangu Pasaka sijaku—