Zablon Mayaka Bogonko (1961–2025): Mtu wa Barafu, Si wa Dhahabu

Mzee Mayaka hakuchimba dhahabu Osiri, wala hakuuza kampuni ya barafu ya Sori. Waliosema hayo sokoni leo wamsikilize aliyeishi naye.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 huko Nyamira, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Bogonko na marehemu Mama Edinah. Mwaka 1968 wazazi wake walihamia Kendu Bay kuuza ndizi. Huko alisoma msingi na sekondari, akakimudu Kijaluo hata wengi wakasahau kuwa ni Mkisii. Alisomea ufundi wa mitambo Kisumu, kisha akaajiriwa katika kiwanda cha barafu Homa Bay.

Alinioa mimi, Bathsheba, mwalimu, tarehe 17 Desemba 1989. Mara ya kwanza kwenda ukweni alibeba barafu ndani ya gunia la vumbi la mbao. Mama mkwe wake, Dorah, alifungua akauliza, "Mwanangu, umetuletea gunia bichi?"

"Mama, lilitoka Homa Bay likiwa na donge zima."

Alicheka, akamkaribisha chai.

Mwaka 1998 alianzisha kampuni yake Sori, akiwauzia barafu wavuvi. Mwaka 2020, wakati wa korona, viwanda vya samaki viliacha kununua, na barafu ikakosa mnunuzi. Hakumfuta mtu kazi. Pampu zilizovuta maji ya ziwa alizikodisha Osiri kukausha mashimo ya dhahabu, kwa sharti moja: zizimwe tangu jua la Ijumaa linapotua hadi Sabato iishe.

Sabato ya tarehe 14 Novemba mwaka huo, baadhi ya wafanyakazi wetu wenyewe waliwasha pampu kisiri, wakashuka kujichimbia. Pampu ikazimika, maji yakapanda. Habari zilimkuta Mayaka kanisani. Alikwenda na suti yake, akaitengeneza pampu, wote wakatoka hai. Walioiona suti ile imejaa matope ndio walioanza maneno.

Wazee wenzake wa kanisa walimwita, Mzee Osoro akiandika.

"Pampu ni yako?"

"Ni yangu."

"Nani aliiwasha siku ya Bwana?"

"Mzee Osoro, andika Mayaka."

Wakamvua uzee wa kanisa. Nyumbani alisema tu, "Nikiwataja, nani atawaajiri tena?" Jumatatu alifungua kiwanda, nao wakaja kazini. Biashara ya samaki iliporudi, kampuni ilikuwa na mafundi wake wote. Uzee hakurudishiwa, na hakuuomba.

Alianza kuugua figo mwaka 2023, akatibiwa Homa Bay na Kisumu. Alifariki nyumbani Sori asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2025, baada ya kuuliza kama mtambo umewashwa. Ulikuwa umewashwa.

Ameacha mjane, mimi Bathsheba. Watoto Cliff, Liz na Jerusha, ambaye sasa anaiongoza kampuni. Na wajukuu wanne.

Waliokuwa shimoni nawajua kwa majina, na wengine wamebeba jeneza hili. Mayaka hakuwataja. Mimi pia siwataji, leo wala matanga yakiisha, na asije mtu kuniuliza.

Mungu ampumzishe kwa amani. Nimemaliza.